Tupeane uzoefu: santuri za rokenroli zilizokuwa nyumbani kwenu ziliishia wapi?

Mtoto wa Reli
Wakuu, heshima kwenu. Jana nilipeleka redio kwa fundi wangu pale Kariakoo. Nimekaa kwenye benchi nasubiri, mara ikalia piano ya Fats Domino, Blueberry Hill. Fundi alikuwa amemaliza gramafoni ya mteja na alikuwa anaijaribu. Nilisimama bila kujua nimesimama. Nina miaka 61, na wimbo ule sikuwa nimeusikia ukitoka kwenye santuri, pamoja na mikwaruzo yake, tangu tulipohama nyumba za reli Tabora nikiwa darasa la sita.

Mzee wangu alikuwa karani. Alikuwa na santuri zaidi ya thelathini, zote za Wamarekani wa miaka ya 50: Chuck Berry, Little Richard, Bill Haley mbili, na Fats Domino nyingi kuliko wote. Jumamosi jioni meza inasogezwa ukutani, mama anavua kandambili, sisi watoto tunakaa mlangoni tunaangalia wazazi wetu wakigeuka watu wengine kabisa.

Uhamisho ulipokuja, sanduku la santuri tuliliacha kwa jirani mpaka tupate nafasi. Mzee alilifuata miaka minne baadaye. Akaonyeshwa ukumbini vyungu vya maua vimepangwa vizuri, vyeusi, vina mistari. Mama mwenye nyumba alikuwa amezilainisha santuri kwenye maji ya moto na kuzikunja. Katikati ya kimoja bado ulikuwa unasoma "Domino". Mzee akashukuru kwa chai, tukaondoka. Hakununua santuri tena mpaka anaingia kaburini.

Zenu ziliishia wapi? Na wanaozitunza mpaka leo, mnazitunzaje?

Kipepeo Mweusi
Vyungu vya maua! Mkuu nimeumia utadhani ni zangu.

Binti Baharia
Umenikumbusha mbali sana kaka. Babangu alikuwa baharia, twaishi Mombasa, na kila akirudi safari za Uingereza sanduku lake lina mambo mawili: vitambaa vya mama na santuri. Rock Around the Clock ya Bill Haley alikuwa nayo mpaka imekuwa nyeupe kwa kuchezwa.

Alikuwa na desturi yake. Wimbo ukifika pale gitaa linapojitenga na kukimbia peke yake, anainua mkono watu wote wanyamaze. Kisha asema, "Aliyepiga hapa aitwa Danny Cedrone. Walirekodi April 1954, June akaanguka kwenye ngazi akafa. Wimbo ulikuja kushika dunia mwaka uliofuata, yeye hayupo." Kila mara, wallahi, kana kwamba twasikia mara ya kwanza. Na kila mara macho yake yalikuwa maji. Nilipokuwa mdogo nilidhani Cedrone ni jamaa yetu.

Santuri ziko kwangu. Chumvi ya bahari imekula majalada lakini zenyewe zapigika.

Bwana Mdundo
Hapo kwa Bill Haley sawa, ila tusisahau mfalme ni mmoja. Bila Elvis Presley hakuna rokenroli. Julai 1954, That's All Right, ndipo muziki huu ulipozaliwa.

Mtoto wa Reli
Mkuu, huo wimbo wenyewe ni wa Arthur Crudup, aliurekodi miaka ya 40. Hound Dog nayo aliianza Big Mama Thornton, ikatoka 1953, Elvis akaja nayo 1956. Na Fats Domino alirekodi The Fat Man December 1949! Wakati huo Elvis yuko shule, hana hata miaka kumi na tano.

Bwana Mdundo
Sijasema aliandika. Nimesema bila yeye usingeufikia Tabora.

Mtoto wa Reli
Umefika Tabora kwa mshahara wa baba yangu.

Kipepeo Mweusi
Wazee wangu taratibu. Turudi kwenye uzoefu.

Mwana wa Ziwa
Nimesoma tangu asubuhi, nimefunga simu mara mbili nisijibu. Zetu zilichomwa moto, na aliyezichoma ndiye aliyezinunua.

Baba alikuwa mhudumu kwenye meli za ziwani: Mwanza, Kisumu, Port Bell. Meli ikilala Kisumu, yeye anaulizia santuri. Mama alikuwa akisimulia kwamba alipoolewa alikuta kwa mumewe kitanda kimoja, sufuria mbili na santuri arobaini na saba. Mimi herufi nilizijulia kwenye vile vibandiko vya katikati. Kabla sijaanza shule nilikuwa natofautisha cha kampuni ya London na cha HMV, na baba ananituma: lete Chuck Berry, si hiyo, ile nyingine. Alizipanga kwa miaka, na ole wake atakayezichanganya.

Mwaka 1986 alikuja mhubiri, mkutano wa hadhara wa siku saba. Nilikuwa na miaka kumi. Siku ya tano baba alienda kwa sababu tu alisikia wana mpiga gitaa mzuri. Siku ya sita akapita mbele akaombewa. Jumapili mchana akarudi na wazee wawili wa kanisa, akachukua jembe akachimba shimo nyuma ya jiko.

Zile nzito za 78, za zamani zinazozunguka mara 78 kwa dakika, zilipasuka kama vigae. Za plastiki zilijikunja kama jani la mgomba juu ya moto, kisha zikawa uji mweusi unaotokota. Moshi wake ulikaa kwenye kanga za mama wiki nzima. Mama hakulia, alikuwa anachambua mchele na hakuinua uso. Baba alikuwa akisoma jina la kila moja kabla ya kuitupa, sauti ile ile ya kunituma, na mimi nilikuwa najua ipi inafuata. Hapo ndipo niliposhindwa. Alipofika za 1957 mmoja wa wale wazee alianza kukohoa kwa moshi, baba akamgeukia. Nikachomoa moja nikakimbia nayo nyuma ya ghala. Kulikuwa na kuku analalia. Nikaisukuma chini yake, akanidonoa mpaka damu ikatoka, kovu ninalo hapa kwenye kidole gumba.

Ilikuwa Lucille, ya Little Richard. Nimehama nayo mikoa mitatu, miaka na miaka sina hata cha kuipigia. Mama alifariki 2008, baba akahamia kwangu. Bado ni mzee wa kanisa. Usiku mmoja nikidhani amelala, niliiweka, sauti chini. Mlango ukafunguka. Amesimama na msuli wake, ameshika ukuta. Nikasubiri maneno. Akaiacha ikacheza mpaka mwisho, halafu akasema, "Geuza. Upande wa pili ndio wimbo."

Kipepeo Mweusi
Nimeacha kila kitu nilichokuwa nafanya.

Binti Baharia
Subhanallah. Huyo kuku naye ana sehemu yake katika historia.

Shuhuda
Nisameheni, mimi nitasema tofauti. Mzee alifanya sahihi. Ukiokoka unaacha ya kale. Muziki ule ulikuwa wa kilevi na uzinzi, hata waimbaji wenyewe walilijua hilo. Huyo huyo Little Richard, October 1957, akiwa ziarani Australia katikati ya umaarufu wake, aliacha yote akaenda kusoma Biblia chuoni Alabama. Na mimi santuri za kaka yangu nilizitupa mwenyewe, sijutii.

Mtoto wa Reli
Na 1962 akarudi jukwaani Uingereza. Malizia habari mkuu.

Shuhuda
Akarudi, na baadaye akauacha tena. Maana yake moyo wake ulikuwa unamsuta maisha yake yote. Simcheki, namwelewa.

Nyuzi Sita
Shuhuda, naomba nikujibu kwa heshima, mimi napiga gitaa kanisani mwaka wa ishirini na mbili sasa. Tafuta Sister Rosetta Tharpe. Amezaliwa Arkansas 1915, mama yake mhubiri, amekulia kanisani, gitaa shingoni tangu mtoto. Mwaka 1944 alirekodi Strange Things Happening Every Day, wimbo wa injili kabisa, na ukiusikiliza leo rokenroli yote imo humo: gitaa linalojibizana na sauti, piano inayokimbia chini yake. Little Richard mwenyewe alimpenda tangu utotoni. Chuck Berry kajifunza hapo hapo. Kwa hiyo baba wa mwenzetu alivutwa na gitaa la mkutano kwa sababu masikio yake yalikuwa yanamwambia kweli: yule mpiga gitaa na zile santuri walikuwa ndugu.

Nina picha ya video yake ya 1964 akiwa Manchester, kwenye kituo cha treni kisichotumika tena. Mvua imetoka kunyesha, watu wamekaa upande mmoja wa reli, yeye upande wa pili na koti lake zito na gitaa jeupe, anaimba habari za gharika ya Nuhu. Nikiona vijana wa kwaya wanasitasita kugusa gitaa la umeme nawaonyesha hiyo. Alikufa 1973 na kaburi lake Philadelphia likakaa miaka thelathini na tano bila jiwe. Hilo linaniuma kuliko mabishano ya nani mfalme.

Shuhuda
Huyo nitamtafuta. Sikuwa namjua.

Dereva wa Malori
Niko Marekani, naendesha malori mwaka wa tisa. Mwaka juzi nililaza gari West Memphis, nikavuka mto nikaenda Sun Studio, 706 Union Avenue, Memphis, ile studio ya kurekodi. Wakuu, chumba chenyewe ni kidogo! Sebule ya nyumba ya National Housing inakaribia. Nilikuwa nadhani nitakuta jengo. Humo ndimo alimopita Howlin' Wolf, Elvis, Jerry Lee Lewis, Johnny Cash.

Kilichonishika ni habari ya wimbo wa Rocket 88, March 1951, bendi ya Ike Turner. Spika ya gitaa ilikuwa imeharibika njiani, hawana pesa ya nyingine, Sam Phillips mwenye studio akajaza karatasi mle ndani ili itulie. Ikatoa sauti ya kukoroma, na ndiyo sauti watu wakaipenda. Nikawaza mafundi wetu wa nyumbani na maboksi yao. Nilisimama pale mpaka mwongoza wageni akaniuliza kama niko salama.

Kabaka wa Twisti
Nyinyi mnazungumza Memphis na hakuna aliyetaja Nairobi. Sisi wa Kenya tulikuwa na twisti yetu. Daudi Kabaka, John Nzenze, Fadhili William. Helule Helule ya Kabaka ilipendeza mpaka kundi la Uingereza, The Tremeloes, wakaichukua 1968 ikaingia chati za kwao. Babu yangu alikuwa anapiga Kabaka na Chuck Berry kwa zamu, hajawahi kuona mpaka kati yao.

Bwana Mdundo
Twisti si rokenroli.

Kabaka wa Twisti
Twisti ni nini basi, taarabu? Hank Ballard aliyeitunga The Twist ni mtu wa zama hizo hizo, Chubby Checker akaipeleka mbali 1960. Na wewe ukisikia besi ya Kabaka mguu utakusaliti, utasema mwenyewe.

Bwana Mdundo
Mguu nimekubali. Mengine bado.

Mama Gramafoni
Mtoa mada aliuliza kutunza na hakuna aliyejibu. Mimi nazifuta kwa pamba na spirit, zinang'aa. Ukikosa spirit tumia mafuta ya nazi kidogo.

Fundi Mstaafu
Mama, acha! Tafadhali wote someni hapa. Spirit kwenye santuri ya 78 ni kifo. Zile nzito zinazovunjika ni shelaki, na shelaki inayeyuka kwenye spirit. Nimeyafanya haya kwa mkono wangu mwaka 1994, Ain't That a Shame ya Fats Domino, mali ya mteja. Kitambaa kiligeuka cheusi, nikafurahi nikidhani ni uchafu. Ulikuwa ni wimbo unatoka. Nilimlipa, lakini nikikumbuka alivyoishika ile santuri na kuigeuzageuza kwenye mwanga, silali.

Za 78: kitambaa laini chenye unyevu kidogo wa maji, kausha hapo hapo. Za plastiki, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika na kubwa: maji vuguvugu, tone la sabuni ya vyombo, fuata mistari, kibandiko kisilowe. Zisimame wima kama vitabu, msizilaze kwa rundo, na mbali na dirisha la jua. Na sindano ya 45 msiiweke kwenye 78, mfereji wa 78 ni mpana karibu mara tatu, mtasikia kelele tupu. Mafuta ya nazi ni ya wali.

Mama Gramafoni
Za kwangu ni za plastiki baba, ndiyo maana zimepona. Mafuta nimeacha kuanzia leo.

Kipepeo Mweusi
Mimi kuna mtu aliniambia nimwage gundi ya mbao, ikauke, halafu nibandue inatoka na vumbi lote.

Fundi Mstaafu
Inafanya kazi kwenye plastiki, nimeona. Jaribu kwanza kwenye santuri usiyoipenda.

Binti Baharia
Sina nisiyoipenda.

Mtoto wa Reli
Nimerudi leo kwa yule fundi. Mteja wake amekubali kuniuzia ile Blueberry Hill. Imepinda kidogo ukingoni, sindano inapanda na kushuka kama mashua. Sijali. Mwana wa Ziwa, nina swali moja: hiyo Lucille yako baada ya yote hayo inapigika?

Mwana wa Ziwa
Inapigika. Upande wa kwanza ni safi. Upande wa pili ndio uliokuwa juu, kuku alikuwa akiukwaruza kwa kucha siku zote zile, kuna mahali katikati inaruka. Baba ameshapajua. Huwa anainua kidole kabla haijafika, anaimba yeye lile neno linalokosekana, halafu anakishusha.