Tupeane uzoefu: Antihiro wa kike kwenye komiki, kinachomgeuza mwili mtupu na namna ya kumrekebisha

KiputoCheupe
Wakuu, uzi huu ni wa wanaoandika, wanaochora na wanaosoma komiki za mashujaa kwa jicho kali. Ubishi wa kama antihiro wa kike, yaani mhusika mkuu mwenye dhambi asiye shujaa safi, anaruhusiwa kuwa na mvuto tuuweke pembeni. Anaruhusiwa. Catwoman, yule mwizi Selina Kyle wa komiki za Batman, ana mvuto tangu alipoingia kwenye Batman namba 1 mwaka 1940. Shida inaanza pale mvuto unapokalia nafasi ya uamuzi. Antihiro yeyote lazima awe na kitu anachokitaka, awe na mpaka atakaouvuka ili akipate, na awe na gharama atakayoilipa kwa kuuvuka. Punisher, antihiro wa kiume, tunamjua kwa familia yake iliyouawa na kwa watu anaowaua. Akija mwanamke, mwandishi mvivu anaweka kiuno mahali pa hayo yote, kisha anamalizia na kisa cha kubakwa ili ionekane kuna uzito.

Leteni mifano yenye namba ya toleo, na mbinu ambayo mtu anaweza kuitumia leo hii kwenye skripti yake.

Bi_Fremu
Naanza na Catwoman namba 1 ya mwaka 2011, mwandishi Judd Winick, mchoraji Guillem March. Tukio la kwanza ni zuri kabisa likisimuliwa kwa mdomo: watu wanavunja mlango, Selina ana sekunde chache za kuvaa, kukusanya vyake na kutoroka na paka wake. Sasa tazama linavyochorwa. Tunaanza na sidiria, kifua, mgongo, vipande vipande, na uso unachelewa. Hofu iko usoni. Hesabu za haraka ziko machoni. Mchoro ukizificha sehemu hizo mbili, msomaji hajui kama huyu mtu anaogopa, anacheka au amezoea, na hatari yote iliyojengwa kwenye mlango inavuja.

Dawa yake haihitaji kurasa za ziada. Fremu ya kwanza iwe macho yanayogeukia mlangoni. Ya pili, mkono unaopita juu ya vito na kuchukua kikapu cha paka. Ya tatu, picha pana ya chumba ili tujue dirisha liko wapi na wavamizi wako wapi. Ya nne, anaruka akiwa amevaa nusu, kama kweli lazima awe amevaa nusu. Kile alichokichukua na alichokiacha kimeshatwambia yeye ni nani, wala hajatamka neno.

Linganisha na Catwoman ya Ed Brubaker na Darwyn Cooke iliyoanza mwishoni mwa 2001. Nywele fupi, miwani ya kazi, buti za soli bapa, vazi la zipu. Ni mrembo vilevile. Lakini kisa cha kwanza kinamtuma kumsaka muuaji wa wanawake wanaojiuza East End, mtaa ambao Gotham, jiji la Batman, imeutelekeza. Anachokitaka unakijua kabla hujaona anavyotembea. Mfululizo huohuo ulipofika toleo la 52, mikononi mwa mwandishi mwingine, Selina alimpiga risasi mhalifu Black Mask na kumuua. Mpaka aliuvuka kwa mkono wake mwenyewe, hakusukumwa na mwanamume yeyote.

WinoMzito
Dada Fremu amegusa penyewe. Nije upande wa penseli, maana makosa mengi hapa ni ya maumbile kabla hayajawa ya maadili.

Pozi linaloonyesha matiti na makalio kwa pamoja kwenye fremu moja halitoki kwa binadamu. Uti wa mgongo sehemu ya kiuno unazunguka kidogo sana. Mzunguko mwingi unatoka sehemu ya kifua, na hata huo una kikomo. Kwa hiyo kabla ya kuchora ngozi, chora sanduku la mbavu na sanduku la nyonga. Weka mshale katikati ya kila sanduku. Mishale ikielekea pande zinazopingana, futa. Kisha shusha mstari wima kutoka kwenye kishimo cha koo: mtu aliyesimama bila kuegemea, mstari uangukie kati ya nyayo zake au juu ya unyayo uliobeba uzito. Ukiangukia nje, huyo anaanguka, hata kama umemwandikia kwamba ananyemelea.

Vazi la kubana nalo lina kanuni zake. Ngozi au kitambaa kilichovutwa hupita kutoka titi moja hadi la pili kikiwa kimenyooka kama ngozi ya ngoma. Hakizami katikati kikafunika kila moja peke yake. Mikunjo ikae kwapani, kwenye kiwiko, nyuma ya goti na kinenani. Weka mishono, weka mahali zipu inapoishia. Ukiviacha hivyo umemchora mtu uchi halafu mtia rangi akampaka nyeusi, na msomaji analihisi hilo hata asipoweza kulieleza. Viatu: kisigino kirefu kinasukuma uzito kwenye vidole na kufupisha hatua. Mwizi anayekimbia juu ya paa akivaa hivyo, ama mwonyeshe anateleza ama mvue.

Vazi likumbuke pia yaliyompata mhusika. Huntress, mpiganaji wa kike wa Gotham, alipigwa risasi na Joker kwenye kisa cha Batman kiitwacho No Man's Land mwaka 1999. Kwenye kisa kingine, Hush, mchoraji Jim Lee akamvalisha vazi lililoacha tumbo lote wazi. Mpiganaji aliyewahi kulala na majeraha ya risasi anaongeza kinga, hapunguzi. Vazi lile lilifuta ujasiri wote wa kisa cha mwanzo.

Kipimo cha haraka kuliko vyote ni kile kilichoenea mtandaoni Desemba 2012 kwa jina la Hawkeye Initiative (Hawkeye ni shujaa wa kiume): chukua pozi lilelile, mweke mwanamume. Akionekana bado yuko kazini, pozi ni zuri. Akionekana anajiuza, rudia mchoro.

MsomajiSugu
Mkuu Wino, nakubali, ila wachoraji wanabebeshwa lawama za waandishi. Skripti ikisema "anatua juu ya paa, hatari, anavutia", mchoraji mwenye kurasa 20 na siku chache atachora nini? Ameambiwa avutie, hakuambiwa afanye nini.

Andika hivi: "Anatua kwa goti la kulia, kiganja cha kushoto kimegusa vigae. Macho yako kwenye dirisha la ghorofa ya pili. Mkono wa kulia umeshashika kamba. Tunamtazama kutoka juu kidogo ya usawa wa macho." Umetoa uzito uko wapi, jicho liko wapi, na kamera iko wapi. Ukiacha pembe ya kamera wazi, ile ya chini-nyuma ndiyo inayokuja yenyewe kwa mazoea.

MhaririMkesha
Tusisahau soko, maana ndilo linalolipia tabia hii. Maduka maalumu ya komiki ya Marekani yalizoea kuagiza kutoka kwenye katalogi miezi kadhaa kabla, na kwa kawaida nakala zisizouzwa hazirudishwi. Mwenye duka anaagiza kwa kutazama jalada na aya moja. Mara nyingi jalada linachorwa wakati skripti haijakamilika, kwa hiyo mchoraji wa jalada hana tukio la kuchora. Ana jina la mhusika na mwili wake. Ndiyo maana miaka ya 1990 ilijaa kina Lady Death na Witchblade, majalada yakikimbizana kwa ngozi. Na ndiyo maana 2014 Spider-Woman namba 1 ilipata jalada mbadala la Milo Manara lililozua kelele, wakati kilichokuwamo ndani hakikufanana nalo. Kufikia toleo la 5, mwaka 2015, alishapewa vazi jipya la koti la ngozi alilolisanifu Kris Anka, vazi la mtu anayefanya kazi.

Mhariri anachoweza kufanya ni kidogo lakini kinasaidia: mpe mchoraji wa jalada tukio moja, kitu kimoja cha kushika mkononi, na mtu mmoja wa kutazamwa.

Kwa wanaodhani marufuku ndiyo suluhisho: kanuni za Comics Code za 1954, ambazo wachapishaji wa Marekani walijiwekea, ziliagiza wanawake wachorwe kihalisia bila kutiliwa chumvi maumbile yao. Lakini ziliagiza pia mhalifu aadhibiwe kila mara. Catwoman akatoweka kwenye kurasa hadi 1966. Waliondoa kifua, wakamwondoa na mwanamke mwenye dhambi anayependwa. Hasara ile ilikuwa kubwa kuliko faida.

KiputoCheupe
Asante mkuu. Na hili la majeraha? Karibu kila antihiro wa kike siku hizi ana mwanamume aliyemtesa.

Bi_Fremu
Jeraha si kosa. Kosa ni kulifanya liwe tabia nzima ya mtu, na kosa kubwa zaidi ni kulichora kwa kamera ileile ya tamaa. Soma Alias ya Brian Michael Bendis na Michael Gaydos, 2001 hadi 2004, matoleo 28. Jessica Jones anavaa jinzi na koti, ni mpelelezi, anakunywa kupita kiasi, anakosea kazi za wateja. Tunaishi naye hivyo kwa muda mrefu. Kisa cha Purple Man, mwanamume aliyemtawala akili na kumtesa, kinasubiri matoleo ya 24 hadi 28. Kinapofika, tunakipata kwa masimulizi yake mwenyewe, na sura za zamani zinachorwa na Mark Bagley kwa mtindo tofauti, angavu, kwa hiyo jicho linahisi umbali. Hakuna fremu inayotualika kufurahia mateso yake.

Kwa mwandishi: andika matukio matano ya mhusika wako ambayo jeraha halitajwi. Yakikushinda, jeraha ndilo ulilonalo, mhusika bado humpati.

WinoMzito
Niongeze Elektra, muuaji wa kukodiwa. Frank Miller alimleta kwenye Daredevil namba 168, 1981, na vazi lake halina kitambaa kingi. Anachobeba ni kitendo. Kwenye namba 181, 1982, ametumwa kumuua Foggy Nelson. Foggy anamtambua kuwa ni msichana wa rafiki yake Matt, yaani Daredevil mwenyewe, na mkono unamkatalia. Anamwacha aende. Kurasa chache baadaye muuaji mwingine, Bullseye, anamuua. Inaniuma kwamba kifo kile kiligeuka mzigo wa huzuni ya Matt, lakini ule uamuzi wa sekunde moja ni wake, na ndio uliomfanya akumbukwe.

MsomajiSugu
Harley Quinn naye, yule mwandani wa Joker. Alianza kwenye katuni ya televisheni Septemba 1992 akiwa amefunikwa mwili mzima na vazi la kichekesho. Mwaka 2011 komiki ya Suicide Squad ikamwachia korseti na kaptula. Kilichopotea zaidi ya kitambaa ni taaluma: huyu ni daktari wa akili, Harleen Quinzel wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Arkham. Mwandishi anayelikumbuka hilo anampa silaha, kwamba anamsoma adui ndani ya mazungumzo mawili na kumpiga palipo laini. Asiyelikumbuka anampa pipi na mzaha wa kitandani.

Kwenye Suicide Squad hiyohiyo, Amanda Waller, ambaye tangu 1986 alikuwa mwanamke mnene wa makamo anayetisha chumba kizima kwa faili na amri, alichorwa mwembamba na kijana. Hakuna tukio hata moja kwenye kisa lililohitaji hivyo.

MhaririMkesha
Kwa anayetaka kukagua kazi yake leo: toleo la kurasa 20 lenye wastani wa fremu 5 kwa ukurasa lina fremu 100. Kila fremu uliyoitoa kwa nyonga ni asilimia moja ya kisa. Chukua kalamu mbili. Nyekundu, weka alama kila fremu ambayo mwili wake ndio habari. Ya bluu, kila fremu ambayo uamuzi wake umebadilisha kinachofuata. Bluu zikiwa chini ya tano, usihangaike na vazi kwanza, rudi kwenye ploti.

Halafu funika majina kwenye viputo na usome maneno yake peke yake. Kama anaongea kimahaba na adui, na rafiki, na anayemdai, hana sauti. Mwandikie upya mazungumzo na yule anayemdai, ndiyo magumu zaidi, na kwenye fremu ya mwisho ya tukio mwache yeye ndiye anayeondoka, uso ukiwa umetuelekea.