Kwa nini heparini haikuzuia plazima kuganda?

Swali
Wataalamu wa maabara, naomba ufafanuzi. Tulichanganya plazima (majimaji ya damu yasiyo na seli) na bakteria aina ya Staphylococcus aureus katika mirija mitatu, mmoja wenye heparini, wa pili sitreti na wa tatu EDTA, zote zikiwa dawa za kuzuia mgando, tukaiweka kwenye nyuzi joto 37. Saa 4 hazijaisha, yote ilikuwa imeganda. Tulipotia endotoksini (sumu ya ukuta wa bakteria) ya Escherichia coli katika damu yenye heparini, haikuganda hata kidogo. Inawezekanaje dawa ileile ishindwe na sumu moja na kuishinda nyingine?

Jibu la 1
Heparini haikuzidiwa nguvu, ilikwepwa. Kazi yake ni kuiongezea kasi antitrombini, protini ya damu inayozima trombini, kimeng'enya kinachogandisha damu, ilhali sitreti na EDTA hunasa kalsiamu inayohitajika katika hatua nyingi za mgando. Koagulesi, protini ya bakteria huyo inayogandisha plazima, haipiti katika hatua hizo: hujishikiza kwenye protrombini (protini ya damu inayozaa trombini) na kuiamsha bila kuikata, kisha viwili hivyo vikiwa pamoja hugeuza faibrinojeni, protini iliyoyeyuka katika plazima, kuwa faibrini, yaani nyuzi za bonge, pasipo kuhitaji kalsiamu, na antitrombini haiwezi kuvidhibiti.

Jibu la 2
Kuhusu endotoksini, tafadhali usiandike kwamba heparini iliishinda. Endotoksini huamsha monosaiti, aina ya seli nyeupe za damu, nazo baada ya saa kadhaa huonyesha juu ya utando wao tishu fakta, protini inayoanzisha mgando. Huenda hayo yote yalitokea ndani ya mrija wako, ila heparini ikaficha matokeo. Zioshe seli hizo, uzitie katika plazima ya sitreti uliyoirudishia kalsiamu, kisha upime muda wa kuganda ukilinganisha na seli ambazo hazikuguswa na endotoksini. Damu ya EDTA haifai hapa, kwa kuwa seli zenyewe zinahitaji kalsiamu ili ziitikie ipasavyo.

Muulizaji
Nashukuru sana. Basi kwa kipimo cha koagulesi, cha kumtambua Staphylococcus aureus, naweza kutumia plazima yoyote?

Jibu la 1
Hapana, tumia ya EDTA. Baadhi ya enterokokasi, bakteria wa kundi jingine, hula sitreti, kalsiamu ikaachiliwa na plazima ikaganda bila koagulesi yoyote, nawe ukaripoti bakteria asiyekuwepo. Tena usiuache mrija hadi kesho yake bila kuutazama: soma kila saa mpaka ya 4, kwa sababu stafilokinesi, protini nyingine ya Staphylococcus aureus, inaweza kuyeyusha bonge lililokwisha kuganda, ukarudi asubuhi ukakuta kimiminika kitupu.