Tupeane uzoefu: Uliwahi kufungua mashine ya gemu za kaseti? Iliwaka ulipoirudishia?

Kaseti Kuukuu (mleta uzi)
Wakuu, habari za muda huu. Kufungua mashine ya gemu ya zamani hata mtoto anaweza. Shughuli ipo kwenye kuirudishia. Leteni visa vyenu, na tusidanganyane: kama uliunguza, sema uliunguza.

Naanza mimi na NES, mashine ya Nintendo, ile ya kijivu ya mwaka 1985 unayoingiza kaseti kwa mbele kama mkanda wa video. Nikiwasha, taa nyekundu inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, na skrini nayo inafuatisha. Nikasema hapa bodi imekwenda na maji. Kumbe ndani mna chipu ya ulinzi inayosalimiana na mwenzake aliye ndani ya kaseti. Salamu isipojibiwa, inaianzisha mashine upya, karibu kila sekunde moja, hadi uchoke uzime mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima, ila salamu hazikufika.

Mchawi alikuwa soketi ya pini 72, ile inayopokea kaseti. Kila ukikandamiza kaseti chini unazipinda pini, na miaka ikienda zinalegea na kuota uchafu. Skrubu sita chini ya kasha, za bisibisi ya nyota, halafu bati la kinga, halafu trei inayobeba kaseti na bodi. Soketi yenyewe haijalehemiwa, imechomekwa tu kwenye ukingo wa bodi, unaivuta inatoka. Nikaichemsha. Ndiyo, kwenye sufuria, maji na soketi, msinicheke. Nikaianika siku nzima, nikafunga kila kitu, nikaweka kaseti, nikaikandamiza. Ikapanda. Nikaikandamiza tena, ikapanda tena.

Nilifungua mara tatu ndipo nikaelewa: mdomo wa chini wa trei unatakiwa upite chini ya bodi, mimi nilikuwa nimeulaza juu. Halafu skrubu mbili za trei ni ndefu kuliko wenzake, nazo nilikuwa nimezichanganya. Siku hizi nachora umbo la mashine kwenye boksi na kuchomeka kila skrubu mahali pake kwenye mchoro.

Mpulizaji
Mimi dawa yangu ni mapafu tu. Puuu, weka, inawaka. Miaka yote hiyo sijafungua hata skrubu moja.

Pini Sabini na Mbili
@Mpulizaji ndugu yangu, hiyo pumzi yako ina mate, na mate yanaleta kutu kwenye shaba. Kilichokusaidia ni kuitoa kaseti na kuirudisha, maana pini zinakaa sehemu nyingine kidogo. Ungeitoa na kuirudisha bila kupuliza ungepata matokeo yale yale. Kijiti cha pamba na spiriti ya isopropili, pitisha kwenye meno ya kaseti mpaka pamba itoke nyeupe. Pamba ya kwanza itakutisha.

Mleta uzi, kuchemsha kunasafisha, ila pini iliyolegea inabaki imelegea. Mimi nilinunua soketi mpya. Ikawa kinyume chake: ilibana kaseti kama mamba, unavuta kwa mikono miwili huku mguu umekanyaga meza. Nikarudisha ile ya zamani, nikanyanyua pini moja moja kwa sindano. Jioni nzima iliishia hapo.

Bisibisi Butu
Kisa changu ni N64, yaani Nintendo 64. Kwanza skrubu zake si za nyota wala za bapa, zina kichwa cha ajabu kinachotaka bisibisi yake maalumu ya milimita 4.5. Sikuwa nayo. Nikayeyusha mkia wa kalamu ya plastiki kwa kiberiti, nikaugandamiza juu ya skrubu hadi ukapoa na kushika umbo. Kalamu nne kwa skrubu zote, na moja iligoma kabisa. Nunueni bisibisi, jamani.

Ndani nikasafisha vumbi, nikapiga spiriti sloti ya kaseti, nikafunga. Taa nyekundu inawaka vizuri tu. Skrini nyeusi. Nikabadilisha kaseti, waya, TV. Nyeusi. Wiki mbili nimeiweka kabatini kama marehemu.

Siku napanga droo nikakuta kile kidude kidogo kinachokaa chini ya kifuniko cha mbele, Jumper Pak. Nilikitoa wakati wa kufungua, na kwa kuwa nilijua hakina memori yoyote nikakidharau. Kumbe kazi yake ni kufunga njia ya umeme ya memori pale mwishoni. Pasipo na kitu kwenye ile sloti, mashine haionyeshi hata nembo. Nikakirudisha, picha hiyo. Nilikaa nikaitazama nembo ikizunguka kama mtu aliyepata taarifa njema kutoka hospitali.

Mama Watatu
Mimi niliingia kwenye hizi kazi kwa ajili ya betri. Kaseti ya SNES (Super Nintendo), watoto wanacheza, wanahifadhi, kesho yake hakuna kitu. Ndani kuna betri ya CR2032 inayotunza kumbukumbu hata mashine ikizimwa. Mara ya kwanza niliondoa ya zamani na kuweka mpya kwa gundi ya karatasi. Ikafanya kazi mpaka mtu alipoiangusha kaseti. Mara ya pili nikanunua yenye masikio ya kulehemu, ndiyo ipo hadi leo. Msilehemu moja kwa moja juu ya betri isiyo na masikio, joto linaweza kuipasua. Na mjue ukitoa betri kila kilichohifadhiwa kinafutika. Mimi sikuwaambia watoto mapema. Kosa langu, nimelipa.

Risasi Moto
Padi, ile ya kushika mkononi na kuchezea. Hakuna aliyetaja padi. Vitufe vyote mahali pake, mipira yake juu, bodi juu, unaigeuza kabla ya kufunga… vyote sakafuni. Mara tano.

Mtumiaji Mgeni
Samahani wakuu, mimi yangu bado haijapona, naomba msaada. Nina NES na Mega Drive ya kwanza, ile ya Sega. Adapta ya Mega Drive ilipotea, na plagi ya adapta ya NES inaingia kabisa. Nikachomeka. Kukawa na harufu. Sasa Mega Drive haiwaki hata taa.

Pini Sabini na Mbili
Pole sana mkuu. Umepigwa na mtego wa zamani. Adapta ya NES inatoa umeme wa AC (unaogeuza mwelekeo), volti 9. NES haijali, ina diodi nne ndani za kuunyoosha, ndiyo maana hata ukiipa DC (umeme wa mwelekeo mmoja) inakubali. Mega Drive ya kwanza inataka DC, tena hasi iwe katikati ya plagi. Plagi kuingia haimaanishi imeruhusiwa.

Usikate tamaa, mara nyingi chipu zenyewe zimesalimika. Fungua, tafuta regyuleta (vipunguza volti) mbili zilizoandikwa 7805, zimefungwa kwa skrubu kwenye bamba la kupozea. Kwa adapta sahihi, mita iseme: mguu wa kwanza kama volti 9 au zaidi, wa tatu volti 5. Na angalia kapasita kubwa karibu na tundu la umeme kama imevimba.

Mtumiaji Mgeni
Kapasita imevimba kama andazi. Mguu wa kwanza umeme upo, wa tatu sifuri, zote mbili.

Bisibisi Butu
Badilisha vyote vitatu. Kapasita angalia upande wa hasi, ule wenye mstari, usije ukarudi hapa na harufu nyingine.

Mtumiaji Mgeni
Imewaka!! Ila ikifika kama dakika kumi na tano picha inaganda. Nikizima ikapoa, inarudi vizuri, halafu inaganda tena.

Kaseti Kuukuu
Zile regyuleta ulizirudishia skrubu kwenye bamba?

Mtumiaji Mgeni
…

Risasi Moto
😂😂 Volti zote zinazozidi 5 zinageuka joto pale, mkuu. Bila bamba unapika chai.

Mtumiaji Mgeni
Skrubu zilikuwa kwenye kisahani, nimeziona sasa hivi. Nilidhani ni za kasha zimezidi. Nimezifunga na kupaka ile krimu nyeupe ya kupitisha joto. Saa moja na nusu sasa inacheza, mdogo wangu amekataa kuniachia padi. Adapta ya NES nimeifunga utepe mwekundu.