Ushuru wa mvinyo mtamu ulishuka Desemba 2024, mbona rafu za Nakuru na Kisumu hazina habari?

#1 – Nakuru

Mvinyo mwekundu mtamu wenye kileo cha asilimia 8, ule unaobebwa na kila mtu Ijumaa jioni, ulipaswa kushuka bei baada ya Desemba 2024. Haukushuka. Kuanzia Kenyatta Avenue hadi Lanet bei ni ile ile au imepanda, na ukiuliza unajibiwa neno moja tu: "ushuru". Huo ni uongo, na hesabu yake nawawekea hapa kila mtu aipige mwenyewe.

Hadi tarehe 26 Desemba 2024, ushuru wa bidhaa kwa mvinyo nchini Kenya ulikuwa shilingi 243.43 kwa lita, uwe mkali au mwepesi. Chupa ya mililita 750 ililipa 182.57. Tarehe 27 marekebisho ya sheria za kodi yakaanza kazi, na tangu hapo kinachotozwa ni kileo chenyewe: shilingi 22.50 kwa kila sentilita ya alkoholi tupu. Chupa ya 750 ni sentilita 75. Chukua asilimia iliyo kwenye lebo, zidisha kwa hizo 75, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 22.50. Ya asilimia 8 ina sentilita 6 za alkoholi, inalipa 135. Yaani imepungua 47.57. VAT ya asilimia 16 hutozwa juu ya ushuru huo, kwa hiyo nafuu ni kama shilingi 55. Na kwa kuwa duka huweka faida yake kwa asilimia juu ya gharama yote, ushuru ukiwemo, duka linaloongeza robo lilitakiwa kushusha karibu 69 kwa chupa.

Mpaka uko kwenye asilimia 10.8. Chini ya hapo ushuru ulishuka, juu ya hapo ulipanda. Ya 13 sasa inalipa 219.38, ya 14.5 inalipa 244.69. Anayeuza mvinyo mkavu wa asilimia 14 ana haki ya kulalamika. Anayeuza mtamu wa 8 hana, na ndiye anayepiga kelele kuliko wote!

Halafu kuna dola. Januari 2024 ilifika takriban shilingi 160, na vibandiko vya bei vikabadilishwa bila kuchelewa. Katikati ya mwaka huo huo ilikuwa imerudi karibu 129, na mwaka 2025 ikabaki papo hapo. Vibandiko vilibaki vya 160. Nani anakula hiyo tofauti?

#2 – Kisumu

Hesabu yako ya ushuru ni sahihi. Ila umeruka jambo ambalo wenye maduka watajifichia, afadhali tulimalize sasa. Ushuru hulipwa mzigo ukitolewa forodhani au kiwandani, si ukifika rafuni. Katoni zilizotoka Mombasa Novemba zililipa 182.57 kwa chupa, na hakuna anayerudishiwa. Kwa hiyo duka lililokuwa na mzigo wa zamani halikuweza kushusha Januari bila hasara. Miezi mitatu ya kumaliza ghala, hiyo ni haki yao.

Jambo la pili ni chupa yenyewe. Kwenye mvinyo wa bei ya chini, kimiminika ndicho kitu rahisi kuliko vyote. Chupa tupu ina uzito wa gramu 400 hadi 900, na kutengeneza kioo kunakula moto mwingi, kwa hiyo nishati ilipopanda baada ya vita vya Ukraine, kioo nacho kilipanda. Ongeza kizibo, lebo, katoni, meli, ada za bandarini, lori la zaidi ya kilomita 800 hadi Kisumu. Kontena la futi 20 linabeba chupa 12,000 hivi. Mvinyo huo huo ukija kwenye mfuko mkubwa wa lita 24,000 unatoa chupa 32,000 kwa kontena lile lile, ukajazwa hapa nchini. Ndiyo maana boksi la lita 3 au 5 lina bei nzuri kwa glasi: hulipii vioo vinne au sita.

#1 – Nakuru

Miezi mitatu nakubali. Lakini mzigo wa Novemba 2024 uliisha zamani, na hoja ya kioo haijibu swali langu. Kioo cha ya asilimia 8 na cha ya asilimia 13 ni kimoja. Kama kioo ndicho kilichopandisha, tungeona pengo kati ya chupa hizo mbili likipanuka kwa zaidi ya shilingi 90, VAT ikiwemo, tangu ushuru ubadilike. Halikupanuka. Nafuu ya ya 8 imetumiwa kuziba ongezeko la ushuru wa ya 13, na mnywaji wa mvinyo mtamu ndiye anayemlipia mwenye mvinyo mkavu.

#3 – Kisumu

Nyinyi mnapigania shilingi 69, huku kwenye hoteli za mjini tunakamuliwa kwa glasi. Chupa ya 750 ni glasi tano za mililita 150, au sita za 125. Bei ya glasi hupangwa ili glasi ya kwanza pekee irudishe bei ya kununua chupa nzima. Sawa, hiyo ni biashara, kuna chupa zinazoharibika. Kinachoudhi ni menyu kutoandika mililita. Pombe kali inapimwa kwa kipimo mbele ya macho yako, mvinyo unamiminwa kwa kukadiria, na makadirio hayajawahi kumfaidi mteja.

Tena nusu ya hizo glasi zimekufa. Chupa ikifunguliwa, hewa inaanza kuula mvinyo. Ikizibwa vizuri na kuwekwa kwenye friji inakaa siku tatu hadi tano. Ikiachwa juu ya kaunta kwenye joto la Kisumu, karibu na mashine ya kahawa, kesho yake imeanza kuelekea kuwa siki. Mweupe unageuka rangi ya majani ya chai na kunuka tofaa lililopondeka. Mwekundu unapoteza harufu ya tunda na kubaki na uchachu wa kukwaruza koo. Muulize mhudumu chupa ilifunguliwa lini kabla hajamimina. Akisitasita, agiza kitu kingine.

Na dukani, usichukue chupa ya dirishani. Jua la mchana linaipika. Dalili ni kizibo kilichojisukuma juu ya mdomo wa chupa, au gundi ya mvinyo uliochuruzika chini ya kofia, au kiwango kilichopungua shingoni. Mweupe wa bei ya chini wenye mwaka wa mavuno wa zamani sana, muache hata ukiwa kwenye ofa. Piga picha stempu ya ushuru kwa Soma Label pia, ile programu ya simu ya mamlaka ya mapato, KRA, ya kukagua kama stempu ni halali.

#4 – Kakamega

Niongezee jambo ambalo halisemwi. Ushuru wa pombe kali ni shilingi 10 kwa sentilita ya alkoholi, wa mvinyo 22.50. Robo ya mililita 250 yenye asilimia 40 ina sentilita 10, inalipa 100. Chupa nzima ya mvinyo wa asilimia 13 ina sentilita 9.75, inalipa 219.38. Kileo karibu sawa, kodi zaidi ya mara mbili, na anayeadhibiwa ni yule anayekunywa taratibu na chakula. Mnashangaa kwa nini vijana wanahamia robo? Hata Leleshwa, mvinyo wa hapa Kenya wa zabibu za Naivasha, isiyopita bandari yoyote, inalipa 22.50 zile zile.

Na wasitudanganye kwamba mahitaji yanapandisha bei. Shirika la kimataifa la mvinyo, OIV, lilikadiria unywaji wa dunia mwaka 2024 kuwa hektolita milioni 214.2 (hektolita moja ni lita 100), kiwango cha chini kabisa tangu 1961. Ufaransa ilitenga yuro milioni 200 mwaka 2023 kugeuza mvinyo wa ziada kuwa alkoholi ya viwandani. Bei imepanda duniani hata hivyo, kwa sababu gharama za kioo, mishahara na meli hazipungui chupa zikipungua. Zinagawanywa kwa chupa chache zaidi. Hiyo ni sababu halali ya sehemu ya ongezeko. Haihusiani kabisa na zile 47.57.

#1 – Nakuru

Basi wenye maduka mnaosoma hapa, hatuhitaji maelezo marefu. Chukueni ankara mbili za msambazaji kwa chupa ile ile ya asilimia 8, moja ya Novemba 2024 na moja ya mwezi huu. Funikeni majina, wekeni picha. Kama msambazaji hakuwashushia, tutamfuata yeye. Kama aliwashushia, rudisheni 69 zetu.