Banda la kuku 20 wa kienyeji, uwanja mita 4 kwa 6: la kuinua, la tofali au la kuhamisha?

mgeni_wa_kuku
Wakuu, habari za kazi. Nina uwanja wa mita 4 kwa 6 nyuma ya nyumba, Chanika, udongo wa mfinyanzi, masika maji yanatuama. Nataka kufuga kienyeji 20 (majike 18, majogoo 2), wawe na banda la kulala na uwanja uliozungushiwa wavu. Nimebaki na njia tatu: (1) banda la mbao lililoinuliwa, (2) nusu ukuta wa tofali na wavu juu, sakafu ya saruji, (3) kibanda chepesi cha kuhamisha. Lipi ni nafuu bila kunirudisha dukani mwakani? Naomba vipimo, bei nitaulizia mwenyewe.

fundi_mirunda
La 3 litoe. Kibanda cha kuhamisha ni cha mwenye majani ya kuhamia. Kwenye uwanja huo utakisogeza mara mbili na umerudi ulipoanza, halafu kikiwa chepesi cha kubebeka na watu wawili kinatosha kuku 6 hadi 8 tu.

Kwa udongo unaotuamisha maji, mimi naenda na la kuinua. Mita 2.4 kwa 2 ni eneo la 4.8, yaani kuku wanne na ushee kwa mita moja ya mraba. Inatosha kwa kulala. Nimechagua 2.4 kwa sababu ya mbao: mbao ya futi 12 ni mita 3.6, unakata 2.4 na kinabaki kipande cha 1.2. Vipande viwili vya 1.2 vinakutana juu ya boriti ya katikati, unapata fito nyingine kamili ya sakafu. Hakuna kinachotupwa.

Vifaa:
- Mirunda 6 ya futi 10. Chimbia sentimita 60, sakafu ikae sentimita 80 kutoka ardhini, ukuta wa mbele mita 1.6, wa nyuma mita 1.2. Mteremko wa paa unapatikana hapo hapo.
- Mbao za 2x4 kwa boriti 5 za mita 2, zipishane sentimita 60.
- Mbao za 1x2, futi 12, ziwe 20 kwa sakafu. Acha nafasi ya sentimita 2 kati ya fito na fito.
- Mabati 4 ya futi 10. Yanatoka nje ya ukuta kila upande, mvua haiingii kirahisi.
- Mabanzi (mbao za pembeni mwa gogo, zenye magome) ya kuta, mpaka nusu ya urefu. Juu weka wavu.

Sehemu ya mrunda inayoingia ardhini ipake oili chafu mara mbili, na ipande sentimita 20 juu ya udongo. Mchwa huanzia pale pale udongo unapokutana na hewa. Ndani ya banda oili chafu usiipeleke.

bibi_maranda
Fundi kaeleza vizuri, ila nafasi ya sentimita 2 ni ya kuku wakubwa. Akitotolesha humo, vifaranga watanasa miguu. Atandike ubao au mkeka kwenye kona moja hadi wafike wiki 6 hivi.

Mimi bado natetea la tofali, kama sakafu itanyanyuliwa. Hesabu kwa ukubwa huo huo: kozi (mistari) 3 za tofali za inchi 6 ni kama tofali 53, na msingi wa kozi moja 18 hivi. Nunua 75 kwa ajili ya zitakazovunjika. Saruji mifuko 4, sakafu ikiwa na unene wa sentimita 5. Maranda ya kutandika sakafuni sentimita 10, magunia makubwa 4 yanatosha kuanzia. Faida yake ni mbolea: maranda yakikaa miezi yanakuwa samadi kavu isiyonuka, na mchwa hana cha kula pale chini.

Kinachowashinda wengi ni unyevu. Chukua konzi ya maranda, ikamue kisha fungua kiganja. Yakimwagika, yako sawa. Yakibaki donge, banda limeloa: amonia itawaumiza macho na kuhara damu kuko njiani. Usiongeze maranda mapya juu ya donge. Toa yaliyoloa, kisha tafuta maji yanapotokea. Mara nyingi ni chombo cha kunyweshea kilichowekwa chini; kinyanyue mpaka usawa wa mgongo wa kuku.

fundi_mirunda
Nakubali hoja ya samadi. Ila sakafu yako hapo Chanika lazima ipande sentimita 30 juu ya ardhi, maana yake kifusi na kozi nyingine ya tofali. Unafuu unaishia hapo.

wavu_nusu_inchi
Wote mmeruka mahali pesa inapopotea: wavu. Ule mwepesi wa matundu ya pembe sita unazuia kuku kutoka, hauzuii kicheche wala mbwa kuingia. Panya anapita bila hata kujikunja. Sentimita 60 za chini, na kila dirisha la chumba cha kulala, weka wavu mgumu wa nusu inchi, ule wa kuanikia kahawa. Ule mwepesi weka juu.

Banda likichukua mita 2, unabaki uwanja wa 4 kwa 4: ukitoa upande wa banda, uzio ni mita 13.6. Roli ya wavu mwepesi yenye upana wa futi 6 na urefu wa mita 30 inazunguka yote, na mita 12 zinafunika juu kwa vipande vitatu vya mita 4 (mwewe hana sikukuu). Zinabaki 4.4. Kata 2.4 uzibe chini ya banda upande wa uwanja. Hilo usilisahau! Kuku wakiachwa kuchakura kinyesi kinachodondoka, faida yote ya kuinua banda imepotea.

Na usichimbie wavu wima ukadhani umemaliza. Ulaze nje, sentimita 40, ukandamize kwa mawe na udongo. Mnyama anachimba palipo na ukuta, anakutana na wavu; hana akili ya kurudi nyuma nusu mita.

makuti_kilifi
Na paa la makuti je? Huku ndiyo rahisi, na banda linabaki baridi mchana.

bibi_maranda
Baridi ni kweli, ndugu yangu, lakini makuti ni nyumba ya panya na viroboto, na yanataka mteremko mkali zaidi ya huo wa sentimita 40. Yaweke kama kivuli cha uwanjani. Juu ya vichanja (fito za kulalia kuku) weka bati, na chini ya bati uwazi wa sentimita 15 wenye wavu ili joto litoke.

Hayo mabanzi pia, menya magome yote kabla ya kupigilia. Utitiri hujificha mchana chini ya gome na usiku hupanda kunyonya. Ukitaka kuujua, pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja asubuhi: kikitoka na madoa mekundu, unao.

mgeni_wa_kuku
Asanteni sana. Nimeshawishika na la 1. Vichanja na viota vikaeje? Na upepo wa kusi?

fundi_mirunda
Vichanja viwili vya mita 2, kila kuku sentimita 20. Vyote usawa mmoja, la sivyo watagombania cha juu kila jioni. Upana sentimita 5, kingo zipigwe randa. Viota 4 vya sentimita 30 kwa 30, viwe chini kuliko vichanja; vikiwa juu watalala humo na mayai yatachafuka.

Kusi: pazia la viroba vilivyoshonwa, lifungwe chini ya dirisha na livutwe kwenda juu. Hivyo hata likifungwa kwa mvua, hewa inapita juu ya vichwa vyao.

wavu_nusu_inchi
Na uwanja ujaze mchanga sentimita 10 kabla ya kusimamisha nguzo. Ni mita za ujazo 1.6. Ukishafunika juu kwa wavu, toroli halipiti.