Picha za mandhari za Wallace Nutting tulizorithi: nikate kadi na kubadilisha fremu?

MtafutaFremu:
Salamu wakuu. Kwenye mgao wa vitu vya bibi wa mke wangu, huku Massachusetts, tumepata picha 4 za mandhari zilizopakwa rangi kwa mkono: vijito viwili, miti ya matofaa iliyochanua na njia ya shambani. Kila moja imebandikwa juu ya kadi pana. Chini ya picha, kushoto, kuna jina la picha na kulia sahihi ya Wallace Nutting, mpiga picha wa Marekani. Moja ndogo ina sahihi tu. Kadi zimegeuka rangi ya chai, mbili zina madoadoa ya kahawia, na kwenye moja naona kona ya picha imegandana na kioo. Nitajuaje kama ni halisi? Na je, nikate kadi zilizochakaa kisha niweke fremu mpya?

Mara10:
Usikate kadi, mkuu. Kwa picha hizi kadi ndiyo hati yake: jina, sahihi na ule mstari wa mkandamizo unaozunguka picha vyote viko humo. Ukipunguza hata sentimita 2, pambizo zinapoteza uwiano na mkusanyaji yeyote mzoefu ataona. Bei inashuka papo hapo, na hakuna namna ya kuirudisha.

Kuhusu uhalisi, tafuta kioo cha kukuzia cha mara 10 uangalie anga na vivuli. Nukta zilizojipanga kwa safu ni chapa ya mashine. Picha halisi haina nukta: kijivu kinaingia kwenye weusi taratibu, na taswira imezama ndani ya nyuzi za karatasi isiyong'aa, kwa sababu Nutting alipendelea karatasi ya platinamu, yaani ya picha ambayo taswira yake imeundwa na madini ya platinamu. Juu yake utaona rangi ya maji iliyowekwa kwa brashi. Kijani kitakuwa kimevuka ukingo wa majani mahali fulani, na kwenye maua utakuta ukingo mzito kidogo pale brashi ilipoinuliwa. Halafu inamisha picha kwenye mwanga wa pembeni. Sehemu nyeusi zikitoa mng'ao wa fedha wenye ubluu, hiyo ni karatasi ambayo taswira yake ni ya madini ya fedha, si platinamu.

Miandiko ikitofautiana kati ya picha na picha usishtuke. Sahihi nyingi ziliandikwa na wapaka rangi wake, wengi wao wanawake. Za mwanzo mara nyingi ni za penseli, za baadaye ni za wino. Picha ndogo kukosa jina ni kawaida, nafasi haikutosha. Soma majina kwa makini pia, maana David Davidson wa Providence, Charles Sawyer, na pia Fred Thompson wa Portland, Maine, walitoa picha za namna hiyohiyo, nazo zina wakusanyaji wake.

Vijito na miti iliyochanua ndizo zilizotolewa kwa wingi, kwa hiyo hapo hali ya picha ndiyo inayoamua bei. Za ndani ya nyumba, za theluji na zenye wanyama hazipatikani kirahisi.

KaratasiNaWanga:
Naongezea upande wa kufungua. Ile yenye kona iliyogandana iache kwanza.

Kwa hizo 3: piga picha mgongo wa fremu kabla ya kugusa chochote. Ilaze kifudifudi juu ya kitambaa safi kilichokunjwa. Karatasi ya vumbi, ile iliyobandikwa kufunika mgongo wa fremu, ikate kwa wembe ukifuata ukingo wa ndani wa fremu, ukiziruka lebo. Kipande chenye lebo kitoke kizima. Misumari midogo ivute kwa koleo bapa ukielekea katikati, sambamba na ubao, na chini ya koleo uweke kipande cha kadi ili lisichimbe. Ukiivuta kwenda juu, mbao kavu za zamani hupasuka kwenye kona.

Chanzo cha ile rangi ya chai ni asidi ya kadi yenyewe pamoja na ubao wa mgongoni. Ubao toa, weka kadi mpya ya pamba tupu, na chagua yenye kufuzu jaribio la ISO 18916, linalopima kama kadi haitadhuru picha. Usitupe fremu ya asili. Kati ya kioo na picha pawe na nafasi ya angalau milimita 3, kwa vipande vyembamba vilivyofichwa chini ya mdomo wa fremu, la sivyo unyevunyevu utaigandisha na kioo kama ile nyingine. Kadi ya zamani ishikilie kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, upande wa juu tu. Ukibana pande zote nne, karatasi ikivimba kwa unyevunyevu itajikunja katikati. Selotepu hapana kabisa: gundi yake hupenya na kuacha doa la manjano.

MtafutaFremu:
Shukrani sana. Shemeji anasema madoadoa yanatoka kwa pamba yenye maji na dawa kidogo ya kung'arishia nguo. Pia kadibodi iliyokuwa mbele ya picha moja ina kivuli hafifu cha kijito kilekile. Ni uchafu?

KaratasiNaWanga:
Mwambie shemeji aache. Rangi ya maji inayeyuka ikiguswa na pamba yenye maji, na dawa ile itakula rangi na wino wa sahihi kabla haijafika kwenye doa. Vumbi litoe kwa brashi laini, kuanzia katikati kwenda nje, kwenye kadi tu. Madoa yaliyoingia ndani ni kazi ya fundi wa uhifadhi wa karatasi. Kioo nacho usikipulizie dawa kikiwa ndani ya fremu, maji hutiririka chini na kunywewa na kadi.

Mara10:
Hicho kivuli ni habari njema. Platinamu huchochea karatasi inayogusana nayo ibadilike rangi, hivyo taswira hujichora huko. Ni ushahidi mzuri wa platinamu. Ihifadhi hiyo kadibodi kwenye bahasha yake, kando, isiendelee kugusa picha.

Ile iliyogandana usiivute na usiipashe joto. Kama kioo kimepasuka, kifunge kwa tepu upande wa nje tu, ibebe ikiwa imelala hadi kwa fundi. Wakati huo ipige picha kama ilivyo, kamera ikiwa wima juu yake na taa mbili pembeni kwa nyuzi 45.

Ukutani zipe mwanga usiozidi lux 50 (kipimo cha mwanga), kioo chenye kuzuia mionzi ya urujuanimno, na usitundike ukuta unaopata baridi ya nje. Unyevunyevu uwe kati ya asilimia 30 na 50. Waridi la maua ndilo linalopauka mapema kuliko kijani, kwa hiyo ile ya matofaa ipumzishe gizani baada ya miezi michache. Nani alimpa nani, na mwaka gani, andika kwenye karatasi ya pembeni kwa penseli laini, wala si nyuma ya kadi, maana mkandamizo wa penseli hutokeza mbele.