Naomba ushauri: kabati la mtumba limenishinda

Wakuu, habari zenu. Nina mwaka sasa nanunua fanicha zilizotumika, nazikarabati jioni nikitoka kazini, kisha nauza. Stuli na viti havinisumbui: gundi ya mbao, msasa, vanishi, kazi imeisha.

Safari hii nimeingia choo cha kike. Nilinunua kabati la droo nne nikidhani ni mbao tupu. Nikaanza na msasa namba 80, ule wa chenga kubwa unaokula haraka, nikapitiliza. Kwenye kona rangi ikabadilika ghafla. Kumbe juu ni ganda jembamba tu la mbao lililobandikwa, chini ni ubao wa pumba za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi. Sasa kuna baka la ukubwa wa kiganja, na vanishi hailifichi.

Nibandue ganda lote nibandike jipya, au nipige rangi nzito yaishe? Na nikipiga rangi, mnunuzi nimwambie kilichoko chini? Mimi naona nimwambie, ila mke wangu anacheka tu.

La pili ni bei. Huwa najumlisha manunuzi, vifaa na usafiri. Saa zangu sizihesabu. Nikizihesabu, faida inayeyuka. Wenzangu mnazihesabuje?